Mji Chini ya Mizeituni

Zarur, 3 Machi 1986

Kwa Daktari Jiryis Hanna, Amman.

Nimekuita Daktari kwa sababu gazeti limekuita hivyo, na siku hizi habari za ndugu yangu wa tumbo moja nazipata gazetini kama watu wengine.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakanda unga. Nikasikia nyundo. Nikatoka na unga mpaka viwikoni, nikakuta vijana wa serikali wanagongomea vigingi vya chuma vilivyopakwa rangi nyekundu. Kimoja kiko kando ya tanuri langu la mkate. Vingine vimeshuka katikati ya mizeituni, tuta kwa tuta, mpaka barabarani. Nikawauliza wao ni wana wa nani na wananipimia nini. Mkubwa wao akanionyesha gazeti. Wewe huyo pichani, mkono kiunoni, umesimama juu ya tuta la marehemu baba, na chini yake wameandika kwamba kilima chetu cha Zarur ndiyo Yahasa, ule mji wa kwenye Torati alipokwenda kupigana mfalme Sihoni, mji ambao wataalamu wameutafuta miaka nenda miaka rudi wasiuone.

Yule kijana ana adabu kukushinda. Alinivulia kofia, akaniambia kuanzia leo nisilime, nisijenge, paa likivuja nisilizibe. Na kabla ya kuvuna zeituni niwe nimehama.

Jiryis, mimi nina nyumba hii na shamba hili, basi. Mume nimezika. Ghassan yuko Kuwait na mkewe, na mimi Kuwait sina haja nayo. Nilipostaafu ualimu nilijiambia nitakufa nikiwa naangalia mizeituni ya baba, na sasa wewe unanitoa kwa sababu ya mfalme aliyekufa kabla Yesu hajazaliwa. Njoo uving'oe hivyo vigingi kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako,
Afaf (Mama Ghassan)


Amman, 14 Machi 1986

Dada Afaf,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta neno la hongera. Silioni.

Ningekuambia mapema, ungefanya nini? Ungekwenda kwa mbunge, kwa padri, kwa kila mwenye masikio, mpaka jambo liharibike. Nakujua. Umekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, na mpaka leo unatuona sote wasichana wa darasa la nne.

Hebu nikueleze taratibu. Katika matuta yale, ukikwaruza kwa jembe tu, vigae vinatoka: vipini vya mitungi, midomo ya vyungu, vyote vya zama za wafalme wa Moabu. Nimekuwa nikiviokota tangu likizo zangu za shule. Nimetembea vilima vyote vilivyo wazi kati ya Madaba na jangwa, na sijaona vingi kiasi hicho mahali pengine. Wenzangu wa chuo walinishauri tuchimbe kwanza shimo moja la majaribio. Nikawaambia mtu huchimba majaribio kwenye ardhi ya wengine, si kwenye ardhi ya baba yake. Walicheka, wakakubali.

Utalipwa fidia. Utakaa Madaba mjini, karibu na kanisa, karibu na daktari, badala ya kung'ang'ania mawe kama mbuzi. Mizeituni iko kila mahali nchini. Yahasa ni moja. Baba angekuwa hai angenichinjia kondoo.

Ndugu yako,
Jiryis


Zarur, 22 Machi 1986

Jiryis,

Usimtie baba mdomoni mwako. Alipokuwa amelala anakata roho, wewe ulifika na kamera shingoni. Ulimbusu kipaji, ukatoka nje kupiga picha za vigae mpaka jua likachwa. Aliniuliza mara mbili, "Yule mtoto yuko wapi?" Nilimwambia umekwenda kuleta daktari. Nilimdanganya mtu anayekufa ili asijue kwamba mwanawe yuko tutani amepiga magoti mbele ya gae.

Ulipelekwa kwa mapadri ukiwa na miaka saba, ukarudi kama mgeni wa likizo, na sasa unatwambia ardhi hii unaijua. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui hila yake. Wewe hujawahi kulala hapa msimu mzima, wala hujawahi kujenga upya ukuta wa tuta baada ya mvua.

Nakupa neno moja, na nakupa kwa uzito wote wa dada aliyekubeba mgongoni. Hapa hapana mji. Vigae viko, mji haupo. Usiniulize nimejuaje, maana siwezi kukuambia. Waambie hao wakubwa zako kwamba ulikosea, mapema, kabla ya aibu.

Afaf


Amman, 2 Aprili 1986

Dada,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wakati wa chai. Samahani, sikuweza kujizuia. "Vigae viko, mji haupo." Mmoja wao amesema tuiandike ukutani.

Kwa hiyo vigae vilianguka kutoka mbinguni pamoja na mana? Ukipata jibu la hilo, niandikie. Usipolipata, nirudishie karatasi ya ridhaa niliyoiweka ndani ya bahasha hii, ikiwa na saini yako, ili tuchimbe kiangazi hiki. Bila saini yako tutangoja mahakama mpaka mwakani, na mahakama itanipa tu. Utakuwa umenichelewesha, hujanizuia.

Jiryis


Zarur, 5 Aprili 1986

Kwa Mzee Mutlaq Abu Sanad, Sawwan.

Amani kwako na kwa watu wa nyumba yako. Najua kwamba watu wa ukoo wako na wa ukoo wangu hawajapeana salamu tangu ugomvi wa kisima, na kwamba wanao ndio waliokata kamba ya ndoo yangu mwaka jana. Leo hilo naliweka kando. Nakuandikia kwa jambo ambalo katika dunia hii tunalijua wewe na mimi tu.

Baba aliniambia akiwa anakata roho. Jiryis hakumwambia, na neno limebaki kwa aliyebaki na ardhi. Mwaka wa mafuriko makubwa, maji yalichukua udongo wote wa Zarur, ukabaki mwamba mtupu kama kiganja. Babu yangu Salama alikuwa na watoto wa kulisha. Akakusanya wazee, akaja nao nyumbani kwenu, akapewa kahawa, akaweka kikombe chini bila kukinywa, kama afanyavyo mwenye ombi. Babu yako akamwuliza haja yake. Babu yangu akasema, "Naomba udongo." Babu yako akamjibu, "Kunywa kahawa yako, umepewa, na maneno yake tumeyazika."

Majira yote ya baridi punda walikwenda na kurudi. Mlitupa udongo mweusi wa magofu ya Sawwan, uliojaa vigae vya watu wa kale, na juu yake tukapanda mizeituni. Jambo halikutajwa tena. Babu yako alifunga midomo ya watu wake ili wana wa Salama wasiitwe wana wa mwomba udongo. Hivyo ndivyo wanaume walivyokuwa zamani.

Sasa ndugu yangu ameviona vigae vyenu tutani kwangu, na amewaambia wakubwa kwamba mji uko hapa. Wamenipigia vigingi mpaka jikoni. Nikisema ukweli, nyumba yangu inapona. Lakini siwezi kuufungua mdomo ulioufunga babu yako. Naomba unifungue.

Afaf binti Hanna bin Salama


Sawwan, 11 Aprili 1986

Kwa Mama Ghassan.

Anayeandika ni binti yangu, maneno ni yangu. Nimemwapisha juu ya Msahafu asiyatoe nje ya chumba hiki.

Sikufungui.

Unajua Sawwan palivyo. Juu ya hayo magofu ziko nyumba zetu, uko msikiti, yako makaburi ya mama yangu na wanangu wawili. Mtaalamu hajawahi kuyaona magofu kwa sababu sisi tumeyalalia. Siku utakayosema udongo ulitoka kwetu, vigingi vitang'olewa kwako vije vipigwe kwangu. Nyumba moja ya mjane itapona, na kijiji kizima kitabebwa kwa malori. Babu yangu alikupeni udongo mkala, na nyinyi mtulipe kwa kutuletea serikali? Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Nisikilize sasa, ingawa sikupendi, na kisima ni chetu. Wewe ulikuwa mwalimu, fikiri kama mwalimu. Chini ya udongo wetu kuna nini hapo kwako? Mwamba. Anayetaka kuchimba mpe jembe. Nduguyo akishaufikia mwamba, wewe hutakuwa umesema neno.

Mutlaq Abu Sanad


Zarur, 19 Aprili 1986

Jiryis,

Karatasi yako hii hapa, nimetia saini. Nimechoka na wewe.

Nina sharti moja, na nimeliandika pia nyuma ya karatasi. Utaanza kuchimba kabla sijahama, kwenye tuta la juu, lile lenye vigae vingi kuliko yote, na utachimba mbele ya hao wageni wote unaojisifu kwao. Usianze kwa siri. Kama ni mji, uonekane na kila mtu siku moja.

Afaf


Amman, 30 Aprili 1986

Dada yangu mpenzi,

Mungu akubariki. Nilipofungua bahasha nikaona saini yako nilikaa chini. Mke wangu aliuliza kuna msiba gani, nikamwambia hakuna msiba, dada amenikubali. Damu nzito kuliko maji, nilijua tu.

Sharti lako nimelipenda. Nilitaka kukuomba jambo hilo hilo nikaogopa utadhani najionyesha. Kazi itaanza baada ya sikukuu ya Waislamu, katikati ya Juni. Tutasimamisha hema. Watakuja watu wa wizara, maprofesa kutoka nje, askofu ataomba dua, na gazeti litapiga picha. Wewe nimekuwekea kiti cha mbele. Utavaa ile kanzu yako nyeusi ya kutarizi, sawa? Nataka waone kwamba mji huu una wenyewe.

Jambo moja dogo. Ili tupate nafasi tutang'oa mizeituni minne ya tuta la juu. Najua ni ile baba aliyoipanda tulipozaliwa na watoto wako walipozaliwa. Kwa ajili ya Yahasa utanisamehe. Nitakuwekea kipande cha shina, utengeneze msalaba.

Maneno makali ya nyuma tuyasahau. Nilikuwa nahangaika, Afaf. Wewe hujui jinsi watu wa chuo walivyokuwa wakinicheka miaka yote, mtu wa kijijini anayebeba vigae mfukoni. Siku hiyo hawatacheka.

Ndugu yako akupendaye,
Jiryis


Zarur, 9 Mei 1986

Jiryis,

Usiing'oe ile minne. Chimba upande wa mawe, udongo ni ule ule. Narudia lile neno nililokuambia mwezi wa tatu, na hii ni mara ya mwisho: hapa hapana mji. Ahirisha. Chimba lile shimo la majaribio walilokushauri wenzako, peke yako, bila hema na bila askofu. Sharti langu nalifuta.

Afaf


Amman, 17 Mei 1986

Dada,

Unaona ulivyo? Juzi ndiyo, leo hapana. Saini ni saini. Kadi za mwaliko zimeshatumwa. Kaa kitini, nyamaza, ufurahi walau siku moja katika maisha yako.

Jiryis


Amman, 20 Juni 1986

Afaf,

Siku nne sijatoka nyumbani. Leo nimeweza kushika kalamu.

Nikuandikie ulichokiona kwa macho yako? Sawa, nitaandika, ili ujue kwamba nami nilikuwa nakuona. Askofu alimaliza dua. Nilipiga jembe la kwanza mwenyewe, watu wakapiga makofi. Vigae vikatoka kwa wingi, maprofesa wakainama, wakavipokezana, wakanipongeza. Vijana wakaendelea. Udongo mweusi, mzuri, mpaka kiunoni. Kisha jembe likalia. Nikafikiri ni sakafu ya nyumba. Tukafagia. Ulikuwa mwamba mweupe, safi, haujawahi kukaliwa na mtu. Hakuna ukuta, hakuna jivu, hakuna hata jiwe moja lililopangwa na mkono wa mwanadamu. Tukahamia pembeni, mwamba. Tukashuka tuta la pili, mwamba.

Yule profesa mzee ndiye aliyesema, kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Daktari, huu udongo umebebwa." Mwandishi wa gazeti akauliza kwa sauti kama tungoje mji ufike. Watu walicheka, Afaf. Watu wa chuo wote walicheka. Nikageuka, nikakuona kitini, kanzu nyeusi, mikono magotini, hukushtuka hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ulikuwa unajua.

Uliniacha niingie. Dada wa tumbo moja. Uliweka sharti, mbele ya watu wote, tuta la juu. Hata adui angenivuta nguo.

Lakini sijafa. Nimefikiri siku hizi nne. Udongo umebebwa, vizuri, umebebwa kutoka mahali. Vigae ni vya kweli, na vilivyo vingi hivyo havitoki zizini, vinatoka mjini. Awe babu au nani aliyeubeba, alibeba kwa punda, hakwenda mbali. Kwa hiyo Yahasa ipo, karibu, na wewe unajua ilipo. Niambie ni wapi. Neno moja tu. Nikienda kwao na jina la mahali, cheko lao litakwisha, nitasimama tena. Nisipokwenda nalo, mwezi wa tisa sina kazi ya chuo. Wameshanidokeza.

Jiryis


Zarur, 27 Juni 1986

Jiryis,

Nilikuambia mara mbili hapana mji. Mara ya kwanza uliisoma barua yangu wakati wa chai. Mara ya pili ulinijibu nikae kitini ninyamaze. Nilikaa, nikanyamaza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni nakuvuta kanzu.

Lile sharti nililiweka kwa hasira, sikatai. Nilitaka uaibike. Nilipoiona miti minne imelala, mizizi juu, wa kwako ukiwa wa mwisho, sikuona raha niliyoitegemea.

Ulipotoka udongo sikuambii. Si kwamba sitaki, ingawa pia sitaki. Kuna watu wanaolala juu ya neno hilo. Wewe ukilipata, utawafanya wao nilivyofanywa mimi, vigingi jikoni, na wao ni wengi, na wana wafu wao. Usiniambie hutafanya hivyo. Dada yako ulimfanyia.

Vigingi vyangu bado viko. Watu wako waje wavitoe.

Afaf


Amman, 4 Julai 1986

Afaf,

Vigingi vitatolewa wiki ijayo, serikali haina haja na mwamba wako.

Mimi nakuja Alhamisi, na siji peke yangu. Nakuja na ujumbe wa wazee, kwa mila za baba zetu, kama mtu anayeomba kusamehewa damu au kupewa mke. Yupo padri, wapo wakubwa wa ukoo. Na ili usiweze kukataa nimekwenda kwa mtu ambaye sijawahi kukanyaga kwake, Abu Sanad wa Sawwan, adui wa kisima. Nimemwomba awe msemaji wetu. Alizungusha tasbihi yake, nikadhani atanifukuza. Halafu akasema mtu aliyeingia nyumbani kwake na haja hatoki bila kusindikizwa, na kwamba atakuja. Hivyo ndivyo waungwana walivyo. Adui amenisaidia kuliko dada.

Nitaweka kikombe chini, na sitakinywa mpaka unipe. Wewe unajua maana yake. Tangu Zarur iwe Zarur hakuna nyumba yetu iliyoacha kahawa ya mgeni ipoe.

Jiryis


Amman, 12 Julai 1986

Kwa Afaf.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako.

Nimekuwa nikijiuliza kama kweli ilitokea. Wazee tisini... sijui walikuwa wangapi, sebule ilijaa mpaka uani. Uliwapokea vizuri, ukamimina mwenyewe, kwangu ukamimina mwisho. Nikaweka kikombe sakafuni. Wote wakaweka vyao. Abu Sanad akasimama, mzee yule, ameegemea fimbo. Akasema, "Mama Ghassan, tumekuja kwako kuomba. Ndugu yako anataka kujua udongo wa Zarur ulitoka wapi. Mimi ndiye ninayekuomba, kwa ulimi wangu." Na alikuangalia usoni. Mimi nilifikiri anakushurutisha.

Nawe ukasema, "Wazee wangu, vichwa vyenu ni vya juu, nyumba hii ni yenu, mkitaka macho yangu nawapa. Hilo sina." Padri akakusihi. Shangazi akalia. Ukakaa na birika mapajani, tukakaa, mpaka kahawa ikafanya ngozi juu. Kisha Abu Sanad akasema, "Twendeni." Ujumbe mzima ukatoka na kiu. Mzee yule aliaibika mbele ya ukoo wake wote kwa ajili yangu, na wewe hukumwonea hata huruma.

Umenivua nguo mara mbili, zote kwa makusudi. Chuo wameniandikia. Kuanzia Septemba nitafundisha sekondari huko Zarqa. Ukifa usiache wosia kwamba niitwe. Sina dada.

Jiryis Hanna


Zarur, 18 Julai 1986

Jiryis,

Umesema ni ya mwisho, lakini mimi ni mkubwa, nami nitaifunga.

Nilikuona ulivyokiinamia kile kikombe. Uliponiangalia ulikuwa na sura ile ile ya siku ulipopandishwa gari kwenda kwa mapadri, miaka saba, shingo imepinda dirishani. Siku ile pia nilikuwa nimesimama mlangoni, na siku ile pia sikuweza kukupa ulichotaka. Baada ya kuondoka kwenu nilikichukua kikombe chako nikakinywa mimi, baridi hivyo hivyo. Kilikuwa kichungu mpaka machozi yakanitoka, na sina haja ya kukuficha kwamba hayakuwa ya kahawa peke yake.

Alhamisi ile, ukitoka, uliniuliza kwa hasira kwa nini baba alinipa mimi neno lile asikupe wewe mwanamume. Nitakujibu. Siku ile uliyokuwa tutani na kamera, alikuwa anakuita akuambie. Aliniuliza mara mbili uko wapi. Mara ya tatu hakuuliza tena, aliniambia mimi.

Usinijibu kama hutaki. Mlango sijaufunga.

Dada yako,
Afaf


Sawwan, 25 Julai 1986

Kwa Mama Ghassan.

Binti yangu ndiye anaandika, kama ile siku.

Kuhusu Alhamisi ile sina la kusema. Mimi nilisimama kuomba kaburi la mama yangu lichimbuliwe, kwa sababu mgeni aliingia kwangu na haja, na mila haimwulizi mtu ana maslahi gani. Wewe umeacha kahawa yangu ipoe mbele ya watu. Watu wangu wanasema umenitukana, wanataka nijibu. Nimewaambia wakae kimya. Sababu sikuwapa, na sitawapa.

Kisima ni chetu. Hilo lisikuchanganye. Na kamba ya ndoo, ukiifunga upande wetu itakatwa tena.

Nimesikia yale mashimo manne ya tuta la juu yako wazi, na mvua ya kwanza itaubomoa ukuta wote. Kesho alfajiri vijana wangu watakuja na punda kuyajaza, na miche minne ya mizeituni. Usiwamiminie kahawa. Hukuomba kitu, kwa hiyo hakuna cha kunywea wala cha kuzika.

Udongo ni wa mahali pale pale. Usiwe na wasiwasi na ndugu yako wala na mwingine atakayekuja baada yake na kamera. Mwezi huu wanawake wa nyumba yangu, na wake wa wanangu, wamekaa uani wakiuchekecha kwa chekeche, na gae hata moja hawakuliacha ndani yake.

Mutlaq Abu Sanad